Nje ya Mungu Ni Wapi?

Harufu ya mpunga unaochanua juu ya maji yaliyotuama haifanani na harufu nyingine yoyote. Ina utamu kidogo na uvundo kidogo, na ndani yake kuna moshi wa kuni mbichi na kambale wanaokaushwa. Ikinifikia leo, popote nilipo, hasira hunipanda kabla sijakumbuka kwa nini. Kila mwaka mvua zilipokolea, mama alifunga nyumba yetu ya Lipangalala, pale Ifakara, tukabeba kuku, sufuria na mikeka hadi shambani, mbele ya Namawala, tukakaa huko mpaka mavuno. Tuliishi kwenye dungu, kibanda cha miti na nyasi kilichoinuliwa juu ya nguzo ili mafuriko yapite chini. Mchana kutwa nilipiga debe na kupayuka kuwafukuza ndege kwelea. Shuleni mwalimu alipoita jina langu, wenzangu walimjibu, "Tekla yuko dungu!" Mwishowe akaacha kuliita, nami nikaacha kurudi.

Masika ninayoyasema yalikuwa katikati ya miaka ya tisini, nikiwa na umri wa miaka kumi. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa, anakuja akijisikia. Kwa hiyo dunguni tulikuwa watatu: mama, mimi, na mdogo wangu Kasto wa miezi minne. Ngazi yetu ilikuwa na vipandio saba. Maji yakameza vitatu, vikabaki vinne, na kila asubuhi nilichungulia kuona kama kingine kimezama. Kabla hatujahama, katekista wa kigango chetu, kanisa letu dogo la Kikatoliki, Mwalimu Benedikto, alikuwa ameanza kutufundisha sisi tuliojiandaa kwa komunyo ya kwanza. Alituambia Mungu hana mwanzo wala mwisho, na hakuna mahali asipokuwepo. Fundisho lile nililipenda kuliko chakula. Nilitazama maji mpaka yalipogusana na mbingu, kisha nikayaendeleza kichwani: nyuma ya milima ya Mahenge kuna nini, na nyuma ya hapo, na nyuma ya nyota za mwisho? Kila nilipojenga ukuta, nilijiuliza upande wa pili wa ukuta kuna nini. Nikamuuliza mama.

"Kuna kwelea wanamaliza mpunga wako," akasema. "Piga debe!"

Kasto alikuwa abatizwe Pasaka, lakini Pasaka ilipofika njia zote zilikuwa chini ya maji na Padri hakuweza kuvuka. Wiki chache baadaye mtoto akapata homa. Siku ya pili asubuhi akaanza degedege. Mtumbwi wa kutupeleka hospitali tuliuita kwa sauti mpaka makoo yakakauka, haukuja. Mama hakulilia hospitali tu. Alirudia, "Padri jamani, Padri," huku akimpepea mwanawe kwa ncha ya kanga. Alijua, kama kila mtu kigangoni alivyojua, kwamba kubatiza ni kazi ya padri, na kwamba mtu mwingine akijaribu anatenda dhambi. Basi tukamngoja Padri, tumezungukwa na maji pande zote, mpaka Kasto akanyamaza.

Aliyetusaidia kumzika ni Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, akakaa kwenye mwinuko jirani nasi. Alisikia kilio, akaja akiyakata maji yaliyomfika kifuani. "Pole, mayu," akamwambia mama, kwa namna wanavyomwita mama kwao. Akamviringisha Kasto kwenye kanga, akamweka begani, akatutangulia mpaka kwenye kichuguu kikubwa, mahali pekee palipokuwa na udongo mkavu. Alichimba mwenyewe. Mama akamwambia, kama mtu anayeungama, kwamba mtoto hakubatizwa, hivyo hajui kama atapokelewa. Masanja akalisimamisha jembe.

"Kwani Mungu wenu ana zizi, mayu? Zizi ndilo lenye wa ndani na wa nje." Hakuwa anatania. "Mimi sikusoma. Nauliza tu."

Baada ya mavuno tulirudi Lipangalala, na mama akaenda kwa Mwalimu Benedikto. Aliomba kitu kimoja tu: mwezi Novemba, majina ya marehemu yatakaposomwa kwenye misa, la Kasto lisomwe pia. Nilikuwa nimesimama pembeni yake.

"Jina gani?" akauliza Mwalimu. "Jina hupewa kwenye ubatizo, mama Tekla. Huyo mtoto kwa Mungu hana jina. Yuko nje."

"Asante, Mwalimu," akasema mama. Ile asante inanichoma mpaka leo.

Jumamosi iliyofuata, chini ya bati la kigango, tulifikia somo la ubatizo. Mwalimu Benedikto akatuambia, kwa sauti ya mtu anayetangaza kikao, kwamba mtoto akiwa katika hatari ya kufa, yeyote anaweza kumbatiza. Maji na maneno machache, basi. Hata maji ya mtoni. Hata mama mzazi. Nilisimama bila kunyoosha mkono.

"Mwalimu, hilo umelijua tangu lini?"

"Kaa chini, Tekla."

"Mbona hukutuambia kabla hatujaenda dungu?"

"Kila somo lina wakati wake."

Nyuma yangu mtu akanivuta gauni. Sikukaa. "Ulisema Mungu hana mwisho," nikamwambia. "Halafu ukasema Kasto yuko nje. Nje ni wapi?"

Alinipigisha magoti kwenye kokoto mpaka kipindi kilipokwisha, akanifukuza mafundishoni, akasema nisirudi bila mzazi na bila kuomba radhi. Mama alihuzunika. Gauni langu jeupe la komunyo lilikuwa tayari kwa fundi. Siku ya kwenda kuomba radhi alimbeba jogoo wetu mkubwa awe zawadi, na njia nzima alinisihi: "Sema nimekosa, mwanangu. Neno moja tu, uvae gauni lako." Tulipofika nilimwamkia shikamoo Mwalimu, akaitikia akimtazama jogoo. Kisha akaniuliza, "Haya. Mungu ana mwisho?"

Nilimtazama mama. Nilitaka sana lile gauni. "Kama Kasto yuko nje," nikasema, "basi anao."

Nilitegemea kofi. Mama akainama, akamwokota jogoo aliyekuwa amefungwa miguu sakafuni, akambana kwapani, akasema, "Twende nyumbani." Hakuaga. Jogoo yule tulimla siku ileile, na komunyo sijapokea hadi leo.

Tangu hapo nimezunguka. Nimepika kwenye kambi za miwa, nimeuza ndizi stesheni ya Mang'ula, nimefulia watu migodini, na kila nilipotua niliuliza. Kambini mpishi mwenzangu alikuwa na redio. Siku moja tulisikia wataalamu wakieleza kwamba ulimwengu unazidi kutanuka na ukingo wake hakuna aliyeuona. Wenzangu walicheka. Mimi nilijiona niko tena juu ya dungu, najenga ukuta na kuuliza upande wa pili. Nimefikia mahali pangu: naamini Mungu hana mwisho, na ulimwengu wote, na nyota zake, umo ndani yake kama samaki ndani ya mafuriko. Hiyo ndiyo sababu ya hasira yangu. Asiye na mwisho hana mlango, na asiye na mlango hahitaji mtu wa kusimama mlangoni na kumwambia mama yangu, "Huyo yuko nje."

Majuzi nilipita Ifakara, nikafika hadi kwenye shamba letu la zamani. Kichuguu kimesawazishwa na trekta, siwezi tena kuonyesha alipolala. Padri kijana akaniambia kwa upole kwamba siku hizi wanafundisha tofauti, watoto kama Kasto wanakabidhiwa kwa huruma ya Mungu. Nikamuuliza ni nani aliyetumwa kumwambia mama kabla hajafa. Watu wananiuliza kama bado nawaza upana wa Mungu. Nawaza, lakini si huo unaonikosesha amani. Ninaoujua vizuri zaidi ni mwingine, nao hauhitaji mtaalamu wa redioni: kutoka mkeka aliokuwa amelazwa Kasto hadi kwenye maji, palikuwa na vipandio vinne.