Saa za Kuamia Ndege

Kila nilipopiga simu nyumbani Chara, mama aliiweka kwenye spika. Baba, wadogo zangu, shangazi na jirani aliyepitia kuomba moto, wote walinisalimu kwa zamu. Mimi ndiye wa kwanza kwetu kufika chuo kikuu, kwa hiyo sauti yangu ilikuwa ya wote.

"Injinia wetu, waonaje huko?" shangazi aliuliza, wakacheka. Nikasema niko salama.

Sikuwa salama. Fizikia nilijifundisha mwenyewe, maana shule yetu haikuwa na mwalimu wake, na niliamini nikikosea swali moja tu nitajulikana kuwa sistahili. Jaribio la kwanza nikapata alama za wastani. Tangu hapo usingizi ulinikimbia, chakula hakikupita, na begi la kurudi nyumbani nilikuwa nimeanza kulipanga. Nilitaka kumwambia mama, yeye peke yake.

Ulikuwa msimu wa mpunga kutoa masuke. Wakati huo mama hushinda shambani juu ya dungu, ulingo wa miti, akifukuza ndege. Huko hakuna wa kutusikiliza. Asubuhi moja nikaacha kipindi, nikampigia.

"Baba!" Huniita hivyo kwa kuwa nina jina la baba yake. "Kuna nini saa hizi? Haaa! Tokeni! Si wewe, ni hawa ndege."

"Mama, nataka kurudi."

Nikasikia debe likigongwa.

"Umefukuzwa?"

"Hapana."

"Umempa mtu mimba?"

"Mama!"

"Naondoa moja moja. Haaa! Walafi nyie!"

Nikacheka, kicheko kikageuka kilio, nikamwambia yote. Hakunitajia mtoto wa fulani aliyevumilia. Aliuliza mara ya mwisho nililala vizuri lini. Sikukumbuka. Akauliza kama chuoni hakuna mtu wa kusikiliza wanafunzi. Nikasema yuko mshauri, lakini nikionekana pale watasema nimeshindwa.

"Waache waseme. Kurudi utarudi ukitaka, kwenu ni kwenu. Lakini usiamue na njaa na macho mekundu. Nenda kwanza kwa huyo mtu. Simu usikate."

Nikatembea na simu sikioni, naye akiwapigia ndege kelele katikati ya maneno. Nilipofika mlangoni akauliza, "Wapo watu?"

"Wawili wanangoja."

"Kaa basi, uwe wa tatu."

Nikakaa.