Kiu ya Mama na Choo Changu Kipya

Mama aliteleza kwenye bafu letu la zamani kule Kitangari, akaumia nyonga. Bafu lenyewe lilikuwa la kuta za miti na udongo, sakafu ya mawe bapa yaliyoota ukungu, na pembeni tundu la choo. Alipotoka hospitali hakuweza tena kuchuchumaa. Jirani yetu, mwanamke wa rika langu, alimsaidia haja kwa kopo kitandani, na kila aliposaidiwa mama aligeuza uso ukutani. Huyu ni mtu aliyelea watoto sita bila kumwomba mtu chumvi. Niliuona uso ule, nikaapa nitamjengea mahali pa kujihudumia mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Masasi, mtaa wa Mkomaindo, na bomba la maji liko uani kwangu. Fedha niliyokuwa nayo ilikuwa ya msimu mmoja wa korosho zetu, basi. Nikazunguka mjini kuokota vya watu. Sinki la choo cha kukaa nililipata kwenye nyumba iliyokuwa inabomolewa, pamoja na tangi lake la kuflashi. Marumaru niliomba vipande vilivyovunjika dukani, vyeupe, vya kijani, vingine vyenye maua. Mlango tuliuunga kwa mbao za kitanda cha marehemu baba.

Fundi wa kutujengea kule kwa mama alitoka Newala, mtu mpole. Siku ya tatu alinisogelea.

"Dada, samahani. Hili tangi litataka ndoo nzima kila mara. Maji yatatoka wapi?"

"Kisima si kipo?" nikamjibu kwa ukali, kwa sababu sipendi kuulizwa mbele za watu. "Wewe jenga."

"Sawa, dada," akasema, akajenga.

Kisima kilikuwepo kweli, kile cha saruji kando ya nyumba, kinachojazwa na mvua kutoka kwenye bati. Hayo ndiyo maji ya mwaka mzima. Mama alikuwa na fimbo aliyoichonga alama kwa kisu, na tangu nina akili nimemwona akiichovya kisimani kila asubuhi aone kumebaki kiasi gani. Yeye ni wa kizazi cha kuteremka bondeni kufuata maji, wakiondoka jogoo la kwanza. Mimi mwenyewe niliogea ndani ya beseni hadi nilipoolewa, maana maji tuliyokwisha kuogea yalikuwa ya kumwagilia mipapai. Yote hayo niliyajua. Bado nilimwamuru fundi ayapeleke maji ya bafuni moja kwa moja shimoni, nikaona huo ndio ustaarabu. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na mimi nilikuwa mtumwa wa bomba la Mkomaindo.

Tulipomaliza, majirani walikuja kutazama, wakasifu. Mama alikaa juu ya choo na nguo zake zote, akashika chuma tulichokifunga ukutani, akatabasamu. Jirani alikubali kulijaza tangi kwa ndoo. Nikarudi Masasi kichwa kimevimba.

Niliporudi Kitangari, baada ya wiki tano, kiangazi kilikuwa kimekolea. Bafu lilikuwa kavu na safi kupita kiasi. Mama alikuwa kitandani, midomo imepasuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema kwa shida, akafumba macho.

Nilikodi bajaji, tukampeleka zahanati mimi na jirani. Walimtundikia dripu. Nesi akaniuliza kama mgonjwa anakunywa maji ya kutosha. Nikasema anakunywa, tena nilisema kwa uhakika. Jirani akatazama chini.

"Mama hanywi," akasema taratibu. "Kikombe kimoja jioni, basi. Alinikataza nisikwambie."

Nilikasirika sana, na hasira yangu ilimwendea mama. Jioni, alipopata sauti, nilimuuliza anataka kujiua kwa nini.

"Nikinywa kikombe, lazima niende haja," akasema. "Nikienda, choo chako kinakunywa ndoo. Kina kiu kunishinda. Jirani ananipimia kwa fimbo, nayo inashuka, mwanangu, na mvua bado. Nikaona bora kiu niwe nayo mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulihangaika sana. Ningekwambiaje?"

Nililia pale pale mbele ya nesi. Niliona aibu ambayo mpaka leo haijaniisha. Nilitaka mama asione haya mbele ya jirani, kumbe nimemfanya aone haya kunywa maji ya kisima chake.

Fedha ilikuwa imekwisha. Nilimpigia fundi wa Newala, nikamwomba radhi kwanza, na yeye hakunisimanga. Alikuja akang'oa tangi. Kando ya choo tuliweka pipa la maji yaliyokwisha kutumika, ya kufulia na ya kuoshea mchele. Mama angeoga amekaa kwenye kigoda kirefu, miguu ndani ya beseni, kisha angeyachota maji yale kwa kata yenye mpini mrefu na kuyatia pipani. Kata tatu kwa haja moja, zilitosha. Hilo la beseni na kata alilipanga yeye. Mimi nilishika tochi tu akituonyesha, kwa kuwa dirisha nililosahau kuliweka halijawekwa hadi leo.

Siku ya kwanza alioga peke yake, mlango umefungwa, tochi nimemtundikia ukutani. Nilikaa nje nikisikiliza kata inavyogonga pipa. Alipotoka alikaa barazani, akaomba maji. Nikampa kikombe, akakimaliza, akaninyooshea tena. Nikamjazia. Akaninyooshea mara ya tatu, akanywa taratibu akiwa amefumba macho, na fimbo yake ilikuwa imeegemea ukutani karibu na mkono wake. Hakuigusa.