Baiskeli Bila Muzigo

Juzi nilishuka na baiskeli toka Masisi, mto pembeni, pori la Walikale likinifungukia mbele, moyo ikiruka. Ku barrière, kamba ya kufunga njia, karibu na Kashebere, askari akaizunguka baiskeli mara mbili, akapapasa porte-bagage ya nyuma, fasi ya kufungia muzigo.

"Muzigo iko wapi?"

"Hakuna, chef. Natembea tu, naangalia mto."

"Hakuna muntu anapanda baiskeli bule. Rudia kwenu."

Nyuma yangu, mama mwenye kubeba ndizi akacheka. "Chef, muache apite. Wazungu hawaji tena, basi huyu njo touriste wetu."

Askari akafikiri, akafungua daftari, akaandika polepole kazi yangu: profession, touriste. Akainua kamba.

Nikaingia mu pori nikiimba. Miaka sita nazungusha licence yangu ya université mu ma-bureau nikitafuta kazi, kumbe kazi ilikuwa ku barrière.