Gurudumu Moja Hadi Gatuanyaga

Miguu yangu haijui kutulia. Tangu nimalize kidato cha nne na kutoka kwetu Kimilili, nimehama nyumba mara nyingi kuliko nilivyobadilisha viatu. Lakini safari hii haikuanzishwa na miguu yangu. Ilianzishwa na mdomo wa rafiki yangu Mutua.

Miaka miwili iliyopita, Mutua aliachishwa kazi kiwandani Thika akaenda kwao Gatuanyaga kupumzika. Jirani mmoja, mzee Nzioka, akamcheka. Mutua akasimama katikati ya boma, mbele ya mama yake na wote waliokuja kuona ugomvi, akaapa: "Mkiniona tena hapa, nitakuwa nimekuja na magurudumu manne!" Akaja kuishi hapa Mwihoko, jirani yangu. Gari halikupatikana, na Mutua hakurudi kwao. Kila Jumapili mama yake alimpigia simu na kuuliza kwa upole kama hilo gari bado linaundwa.

Kilichopatikana ni baiskeli ya gurudumu moja. Kamau, fundi wa kuchomelea hapa Mwihoko, aliiona kwenye mitumba: haina usukani, haina breki, tairi nene kama la pikipiki. Aliinunua ili ajue siri yake, kisha akaunda nyingine mbili kwa vyuma vya baiskeli kuukuu. Tulijifunza kwa miezi minane kando ya ua wa kanisa, tukishikilia waya, huku kwaya ikifanya mazoezi ndani na kutucheka kwa sauti nne. Mimi nilikubali kwa sababu utotoni nilikuwa bingwa wa kusukuma ringi ya baiskeli kwa kijiti, na mtu wa miaka arobaini na minne hupenda kuamini kwamba ubingwa haupotei. Hupotea.

Siku moja Kamau akasema, "Jumamosi twende kwa kina Mutua. Tupite mashambani, tulale huko."

"Na yale magurudumu manne?" Mutua akauliza.

"Anza na moja, bwana. Hata benki huanza na mlango."

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Mwihoko. Vijana wa boda boda wa kona yetu walituangalia tukipita. "Wazee, niaje! Hizo nusu zingine mmewekea nani?" Hatukujibu. Kwenye gurudumu moja, ukijibu unaanguka.

Saa mbili tulifika ng'ambo ya Ruiru, kwenye geti la shamba la kahawa. Askari alikuwa na kitabu cha wageni, na katika kitabu kulikuwa na nafasi ya kuandika aina ya gari. Alituzunguka polepole.

"Hii nitaandika nini?"

"Andika baiskeli," nikasema.

"Haiya! Baiskeli mimi naijua." Akafikiri, kisha akaandika: *nusu baiskeli, tatu*. "Mkitoka, mtoke vile mmeingia. Mimi sitaki maswali."

Ndani ya kahawa njia ilikuwa nzuri, udongo mwekundu uliolowa umande. Siri ya chombo hiki ni kutazama mbele. Ukitazama gurudumu, umekwisha. Pedali zimeshikana na gurudumu lenyewe, kwa hiyo hakuna kupumzika hata kwenye mteremko. Unazuia kwa mapaja, na mapaja yanakumbuka wiki nzima.

Tatizo letu halikuwa njia. Tatizo lilikuwa adabu. Mutua alilelewa vizuri, na hawezi kumpita mtu mzima bila kushuka na kumsalimu kwa mkono. Siku hiyo wazee wote wa Kiambu walikuwa wameamua kutembea. Alishuka kwa mama wa kuni, akashuka kwa mzee wa ng'ombe, na kila akishuka, kupanda kulimchukua majaribio matatu. Kamau, ambaye hana subira, aliwazunguka wazee kwenye duara akisalimu: "Habari ya asubuhi, mama," akiwa mbele yake, na "Watoto wazima?" akiwa nyuma. Mama mmoja alijaribu kugeuka naye ili amjibu machoni, kisha akaketi chini. "Ngai! Kijana, simama. Kichwa kinazunguka."

Saa saba tulikunywa chai Kiandutu, pembeni mwa Thika, kwenye kibanda cha mama aliyeitambua lafudhi yangu kabla sijamaliza kuomba sukari. Alitoka Webuye, karibu na kwetu. Alituongezea mandazi, akauliza tunakoelekea. Hapo Mutua akaweka kikombe chini.

"Nyinyi endeni. Mimi naishia hapa. Yule Nzioka atakuwa amekaa pale kona. Nitaingiaje na hiki kitu?"

Kamau akamweleza mama kile kiapo chote, na mama akacheka mpaka akashika meza. Kisha akamgeukia Mutua. "Baba, gari halijawahi kumwita mtu mama. Maliza chai uende."

Mutua akamaliza chai, polepole kama dawa.

Saa kumi tulikuwa mashariki ya Thika, ambako udongo unabadilika kuwa wa kijivu na mawe yanaota kama viazi. Kwenye mteremko mmoja Kamau alisahau kuzuia kwa mapaja. Gurudumu lilikwenda kushoto na yeye akaenda kulia, ndani ya mkonge. Alitoka akiwa na miiba mahali ambapo mwanaume hawezi kuitoa mwenyewe. Sitaeleza ni nani aliyeitoa.

Na kweli, pale kona alikuwepo mzee Nzioka, juu ya kigoda, kana kwamba hakuwahi kuondoka kwa miaka miwili.

"Mutua! Gari iko wapi?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, Mutua hakushuka kwa ajili ya mzee. Alinyoosha mgongo, akatazama mbele, akapita. Nzioka alisimama mdomo wazi. Mutua alipiga pedali hadi kwenye lango la kwao, na hapo, hatua mbili kabla ya kuingia, akaanguka.

Hakuinuka. Alikaa mavumbini nje ya lango, akiwa amelikumbatia gurudumu lake. "Siingii," akasema. "Nilisema manne. Nzioka anaona."

Nilimwelewa. Nami nimekaa miaka nje ya lango la kwetu Kimilili, ila mimi hukaa mbali zaidi.

Wakati huo mama yake alikuwa anarudi kutoka bombani, akisukuma wilbaro yenye mitungi miwili ya maji. Akasimama. Akamtazama mwanawe, akatutazama sisi, kisha vyombo vyetu.

"Moja," akasema, akimwonyesha Mutua kidole. "Mbili," Kamau. "Tatu," mimi. Halafu akaiweka wilbaro chini na kugonga gurudumu lake kwa mguu. "Na la nne hili hapa. Nzioka! Umehesabu?"

Kisha akamgeukia tena Mutua.

"Basi inuka, mwana wakwa, mwanangu. Chukua maji haya usukume. Mikono yangu imechoka."

Mutua akaingia kwao kwa miguu, akisukuma wilbaro, mabega yakitetemeka. Sikuangalia kama ni kicheko.

Jumapili asubuhi Mutua alisema atabaki wiki moja kutengeneza paa la jiko. Sisi tulipewa ndengu na boga, maana mgeni haondoki mikono mitupu. Mimi nikaongezewa kuku ndani ya kiondo.

"Mama yako yuko hai?" mama Mutua alikuwa ameniuliza.

"Yuko Kimilili."

"Huyu ni wake. Si wako. Usimchinje."

Nilirudi na kiondo kifuani, kichwa cha kuku nje kikitazama mbele, jinsi inavyotakiwa. Sikuanguka hata mara moja. Kamau, aliyebeba boga, alianguka mara tano.

Kwenye geti la kahawa askari alifungua kitabu. "Mliingia watatu. Natoa wawili na kuku. Huyo mwingine yuko wapi?"

"Amefika kwao," nikasema.

Akafikiri, kisha akaandika kwenye nafasi ya kutokea: *amefika*.

Nilichojifunza ninakiona kila asubuhi kwenye veranda yangu hapa Mwihoko. Kuku wa mama ametaga mayai manne, na kila nikitoka kwenda kazini ananitazama kama mtu anayeuliza basi ni saa ngapi. Nimemkatia tikiti ya Kimilili. Tunaondoka Ijumaa.