Darubini Niliyoishuhudia Bila Kuizungusha

Ipo asubuhi moja ambayo Mola hajaniondolea kumbukumbu yake, nami namshukuru kwa hilo. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, nimetoka hapa Msuka, Pemba, kwenda Maskati kutafuta riziki, na nilikuwa nimesimama mbele ya mteja na darubini ya bunduki mkononi.

Mwanangu, nakuandikia haya kwa sababu umeniletea katika simu picha za darubini mbili, ukaniuliza ipi bora kwa kulenga shabaha za mbali, maana tajiri wako mpya huko Oman anauza vitu hivyo na amekutaka uwaeleze wateja. Umeniambia pia kwamba sifa zake umeshaziandika, umezitoa kwenye video. Nilicheka kidogo. Kisha sikucheka tena, nikatafuta kalamu.

Tajiri wangu mimi aliitwa Mzee Khalfan. Alizaliwa Wete, akaondoka Pemba angali mdogo, lakini Kiswahili chake kilibaki cha huku huku. Duka lake lilikuwa dogo, la vifaa vya watu wanaokwenda jangwani kulenga shabaha mita mia nane, mita elfu. Alikuwa na desturi moja ambayo sikuiona duka jingine. Hauzi darubini mpaka imefungwa kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mafundi, nyuma ya duka, ikaelekezwa kwenye ubao wenye mistari, hatua mia moja mbali. Hapo unazungusha vitufe vyake, mfano wa kile cha kuongezea sauti ya redio: juu, kulia, chini, kushoto, mpaka urudi ulikoanzia. Unatazama kama ile alama ya ndani, nyuzi mbili zinazokatana, imerudi kwenye mstari ule ule. Mara arobaini. Ukimaliza unaandika karatasi kwa mkono wako, unaeleza ulichokiona, na chini unatia jina. Karatasi ile mteja anaondoka nayo.

"Uzuri wa kioo kila mtu atauona mwenyewe mlangoni," alikuwa akituambia. "Lakini mlengaji leo apandisha kwa shabaha ya mbali, kesho ateremsha kwa ya karibu. Darubini isiyorudi mahali pake itampotezea risasi, naye yuaamini macho yake."

Alhamisi moja alinikabidhi darubini mbili alizoagiza mteja wake wa siku nyingi, Bwana Nasir, ili achague moja. Yeye alikuwa akilenga kwenye bonde ambalo juu ya ukingo wake wachungaji hupitisha mbuzi. Moja ilitengenezwa Ujerumani, nyingine Japani, na zote mbili za watu wenye uwezo. Jua lilikuwa kali, na vijana wenzangu wa Kipemba walikuwa wananisubiri twende kucheza mpira. Ile ya Japani nikaifunga, nikaizungusha mara nne, tano, ikarudi vizuri. Ya Ujerumani sikuizungusha hata mara moja. Niliichungulia tu. Subhanallah! Kule mlimani nilimwona mbuzi anatafuna, ndevu zake nazihesabu. Nikasema moyoni, kitu kizuri namna hii kitaachaje kurudi?

Basi nikaandika, kwa hati yangu nzuri niliyofundishwa chuoni, kwamba zote mbili nimezizungusha mara arobaini, zote zimerudi, na ya Ujerumani ndiyo bora. Nikatia jina, nikakimbilia uwanjani.

Jumamosi asubuhi Bwana Nasir akaja. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu, naye utoto wake aliupitisha Chake Chake.

"Huyu ndo Hamadi wa Msuka?" alisema, akiisoma karatasi yangu. "Watu wa Msuka nawajua. Hawasemi ila wameona."

Akaichukua ile ya Ujerumani, akashika kitufe cha juu. Hakikwenda.

"Yakhe, mbona kigumu hiki? Hebu nizungushie."

Nikakishika. Nikakaza. Kidole kikateleza.

"Labda ni kwa sababu kipya, ami."

"Kipya! Juzi kimezungushwa mara arobaini, leo bado kipya?"

Mzee Khalfan alikuwa akinywa kahawa. Alikiweka kikombe chini, akainuka, akakivuta kile kitufe juu kwa vidole viwili. Kikalia *tak*, kikazunguka laini. Waliokitengeneza walikitia kufuli ili kisiguswe kwa bahati mbaya, na hakizunguki mpaka ukivute kwanza. Aliyekizungusha hata mara moja angelijua hilo.

Mzee Khalfan hakunitazama. Alimwambia mteja wake, "Bwana Nasir, nisamehe. Karatasi hii si ushahidi. Nipe mpaka adhuhuri."

Tulikwenda nyuma ya duka, sote watatu. Moyo wangu ulikuwa umeshapanda ndege kurudi nyumbani. Nilimwona mama yangu anauliza kilichonirudisha.

"Hamadi," akasema Mzee Khalfan, "Alhamisi ulikuwa na haraka ya nini?"

"Mpira, mzee."

"Mlishinda?"

"Tulifungwa."

Bwana Nasir alicheka mpaka akakohoa. Mzee Khalfan hakucheka. Akanionyesha jiliwa kwa kidevu.

Nilizungusha, mwanangu. Juu, kulia, chini, kushoto. Bwana Nasir alikaa kivulini akihesabu kwa sauti kwenye pingili za vidole, na kila nikirudi Mzee Khalfan alichungulia mwenyewe. Jasho liliniingia machoni na sikuthubutu kulifuta. Mara arobaini kwa ile ya Ujerumani, kisha arobaini kwa ya Japani. Zote zilirudi pale pale.

"Basi, Khalfan, mwachie kijana," alisema Bwana Nasir kwa furaha. "Kumbe kasema kweli tangu Alhamisi!"

"Hapana," akajibu Mzee Khalfan. "Kweli kaisema leo. Alhamisi alibahatisha, na bahati yake ikaangukia penye kweli. Ingeangukia kwengine, risasi ingemfikia mchungaji kule juu, naye asingejua kwamba Hamadi alikuwa na mpira."

Akanipa karatasi mpya. "Andika ulichokiona. Na usichokiona, andika kwamba hukukiona."

Nikaandika. Niliandika kwamba zote mbili zimerudi, na kwamba ya Ujerumani inaonyesha mbali kwa uwazi zaidi, lakini ni nzito. Niliandika pia kwamba sikuijaribu jua likizama, wala katika mazigazi ya mchana, yale mawimbi ya joto yanayodanganya macho, wala juu ya bunduki inayopiga. Nilidhani hakuna atakayenunua kitu kwa karatasi kama ile. Bwana Nasir aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni, akasema, "Hii sasa nnaiamini." Akaondoka na ile ya Ujerumani.

Alhamdulillahi, sikufukuzwa. Nilikaa na Mzee Khalfan miaka kumi na miwili, na siku hata moja hakunirudishia habari ile, wala hakumweleza mwenzangu yeyote dukani. Alinikemea mara moja, akanisitiri miaka yote iliyobaki. Ametangulia mbele ya haki, nami kila baada ya sala ya alfajiri namwombea.

Sasa swali lako. Ipi bora kati ya hizo mbili? Sijui, mwanangu, sijazishika. Mwombe tajiri wako azifunge mahali imara, uzizungushe mwenyewe. Utikise kichwa kidogo unapochungulia, uone kama alama inahama juu ya shabaha. Uzitazame asubuhi, uzitazame magharibi. Na yale uliyokwisha kuyaandika, yafute leo kabla mteja hajayasoma.

Ushike hili katika kila kazi. Uliloliona sema umeliona, ulilolisikia sema umelisikia, na usilolijua usione haya kusema hujui. Usijitetee kwamba mambo yalitokea sawa. Kutokea sawa ni rehema ya Mola. Kazi yako ilikuwa kuhakikisha, na kuhusu kazi hiyo utaulizwa, hapa na kesho akhera.

Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akubarikie mikono yako, aufanye ulimi wako usiyatangulie macho yako. Na siku utakayokosea, kwa kuwa sote hukosea, akupe mtu wa kukukemea bila kukuvunja, kama alivyonipa mimi. Amin.