Gari la Papa Juu ya Trela

Wiki iliyopita, kwenye barabara ya Bugarama, niliona gari refu la zamani limefungwa kwa minyororo juu ya trela, nikasikia tena harufu ya viti vya ngozi vya gari la Papa, baba yetu.

Maman, mama yetu, alitangulia kufa. Papa alipozidiwa, alinipa ufunguo mimi, mtoto wake wa kwanza. "Hii gari ndiyo masomo yenu. Usimupe muntu." Sikuelewa gari linawezaje kuwa masomo.

Alasiri ya kumaliza matanga, wageni wakiwa bado wanakunywa pombe ya ndizi, mdogo wake Papa alifika na trela.

"Leta ufunguo, mukubwa. Nitakuacha ushike usukani."

Nilimpa. Wanaume walilivuta gari kwa kamba hadi juu ya trela, nami nikiwa ndani, nikishika usukani kwa fahari. Siku ya maziko, jeneza la Papa lilikuwa limebebwa mabegani. Nikadhani gari nalo linabebwa kwa heshima. Lilipokwisha kufungwa, mdogo wake Papa alinishusha kwa mkono mmoja.

"Papa mudogo, itarudi lini?"

"Siku baba yako atarudi."

"Asante, Papa mudogo."

"Mumusikie! Anasema asante!" Wanaume walicheka mpaka wakashikilia trela.

Nilikimbia ndani kuwaambia wadogo zangu wawili kwamba Papa anarudi. Walipiga makofi. Baadaye niliacha shule ili niwalee. Kwa muda mrefu yule mdogo kabisa alifagia kila asubuhi pale gari lilipokuwa likisimama, Papa apate mahali pa kuliweka. Nilijua tayari kwamba harudi, lakini sikumwambia aache.