Wakala wa Bima Aliyetaka Kujua Kina cha Mto

Saa mbili na nusu asubuhi, Metrine Nanjala anafungua dirisha la ofisi yake ndogo mtaani Malukhu, mjini Mbale, Uganda, anapangusa meza, kisha anamwuliza mteja wa kwanza swali ambalo hajawahi kumwuliza mtu: "Ukiwa ndani ya pango lililojaa maji na hewa ikakaribia kuisha, unatokea wapi?"

"Pale nilipoingilia, nnyabo," anajibu Dauda Waiswa, mpiga mbizi kutoka Jinja, akimwita mama kwa Kiganda. "Juu ni jiwe tupu."

Metrine analiandika jibu hilo pembeni mwa fomu.

Mama huyu wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Bungoma nchini Kenya, ni wakala wa bima kwa mwaka wa kumi na mbili sasa. Wateja wake wengi ni waendesha bodaboda, na katika mwezi mzuri hupata shilingi za Uganda laki nne na nusu. Bima ya safari huiuza mara chache. Ya mtu anayekwenda ng'ambo kuzamia mapangoni, hii ni ya kwanza.

Dauda hukagua nguzo za magati na huopoa miili ya waliozama katika Mto Nile. Mwaka jana mkufunzi wa uokoaji kutoka Afrika Kusini alimwona akimtoa marehemu chini ya mwamba, akampa nafasi ya mafunzo ya bure ya wiki mbili ya kuzamia mapangoni huko kwao. Sharti ni moja tu: aje na bima inayotaja mapango.

"Chini ya miamba yetu pia ni pango," anasema Dauda. "Nimeingia mara kumi na moja bila kufundishwa. Naogopa ya kumi na mbili."

Kampuni ya bima inataka mtu aliyewahi kufika kina cha angalau mita ishirini na tano. Dauda ameandika ishirini na tisa. Kilichobaki ni muhuri, lakini Metrine anataka kujua kina hicho kilipimwaje.

"Kamba ina fundo kila mita," Dauda anamweleza. "Semei anahesabu."

Kesho yake Metrine yuko Jinja, ndani ya boti, amevaa jaketi la kuelea lililomzidi ukubwa. "Siwezi kuuza kitu nisichokielewa," anasema.

Dauda anazama. Semei, mshika kamba, anaachia fundo baada ya fundo: ishirini na saba, ishirini na nane, ishirini na tisa. Metrine anaitazama kamba.

"Mbona imelala?"

"Mto unaivuta, mama."

"Sasa hapo unahesabu kina?"

Semei anacheka. "Mimi nahesabu kamba ya kumrudisha. Kina ni habari ya samaki."

Ndivyo wapiga mbizi wa hapa walivyofanya kazi miaka yote: mafundo humwambia mshika kamba avute kiasi gani. Hakuna aliyedanganya. Hesabu hiyo iliingia tu katika daftari la Dauda kama kina.

Dauda anapopanda botini, wanafunga chuma kizito kwenye uzi mwembamba na kuushusha wima mahali pale pale. Mita kumi na saba.

"Umefupishwa mbele ya mgeni," Semei anamtania.

Dauda hacheki. Nafasi yake inafungwa baada ya siku nne. "Andika ishirini na tisa, nnyabo. Nani atakuja kupima?"

"Ukiumia huko, watapima. Fidia haitatoka. Halafu mkeo Twaibah atakuja Malukhu. Nitamwambia nini?"

Metrine anaandika kumi na saba. Anaambatisha barua ya kurasa mbili kuhusu kamba, mkondo na mara kumi na moja alizoingia chini ya miamba.

Jibu linafika siku ya mwisho: bima imekubaliwa, lakini haivuki mita kumi na tano. Kwa simu, mkufunzi anakubali kumfundisha Dauda karibu na mlango wa pango, bila kushuka kupita mpaka huo.

"Na nikifika kumi na sita?" anauliza Dauda.

"Hapo uko peke yako, ndugu yangu," anajibu Metrine.

Metrine sasa ana mpango mwingine. Amegundua kwamba hakuna mpiga mbizi hata mmoja aliyekutana naye Jinja mwenye bima ya kazi katika mto wa nyumbani, na anataka kuwakusanya wote waombe kwa pamoja.

"Anza na Semei," Dauda anamshauri. "Yule hajui hata kuogelea."